Kutafuta kumbukumbu za jinai Pennsylvania: cheti cha polisi cha dola 22 na tovuti ya mahakama isiyo na malipo

Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani lina njia kuu mbili rasmi ambazo mtu yeyote, raia au mgeni, anaweza kuzitumia kujua kama mtu fulani ana kumbukumbu za jinai. Ya kwanza ni PATCH, huduma ya Polisi wa Jimbo, ambayo kwa dola 22 hutoa jibu rasmi lenye muhuri. Ya pili ni tovuti ya mahakama za jimbo, ijulikanayo kama UJS Portal, ambayo haitozi hata senti na huonyesha majalada ya kesi kama makarani walivyoyaandika. Nimezitumia zote mbili kwa shughuli zangu mwenyewe na kwa kuwasaidia majirani wanaozungumza Kiswahili hapa Lancaster, na maoni yangu ni kwamba tovuti ya bure humpa msomaji mengi zaidi, ila cheti cha kulipia ndicho kinachokubaliwa na waajiri wanaobanwa na sheria. Watu wetu wengi wanapoteza fedha, na wakati mwingine kazi, kwa kutumia njia moja mahali inapotakiwa nyingine.

Suala hili linawagusa Waswahili wa huku kwa karibu. Wakongomani waliofika kupitia kambi za Tanzania, Uganda na Burundi, pamoja na Wakenya na Watanzania waliokuja kwa masomo au kwa kazi, mara nyingi huanzia katika nyumba za kutunzia wazee, katika uangalizi wa wagonjwa majumbani na katika vituo vya kulelea watoto. Kazi za namna hiyo hazianzi mpaka mwajiri awe na cheti mkononi.

Aliyezoea utaratibu wa Kenya, ambako mwombaji mwenyewe huingia eCitizen kuomba cheti cha mwenendo mwema na kisha akachukuliwa alama za vidole, atashangazwa na PATCH. Huku mwenye nyumba, mwajiri au mtu asiyekufahamu kabisa anaweza kuandika jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, akalipa, akapata jibu, bila kukuomba ruhusa na bila alama hata moja ya kidole. Sheria ya jimbo kuhusu taarifa za historia ya jinai, ambayo watu wa kazi hii huiita CHRIA, inaruhusu hivyo, na sheria hiyohiyo ndiyo inayoweka mipaka ya kile ambacho mwombaji huyo ataonyeshwa.

Kuijaza fomu ya PATCH mtandaoni ni kazi ya dakika chache. Anayeomba huandika jina na anwani yake, sababu ya ombi, kisha jina la anayechunguzwa, tarehe yake ya kuzaliwa, jinsia na asili yake, na akipenda nambari ya Hifadhi ya Jamii (Social Security). Pia kuna nafasi ya kuandika majina mengine ambayo mhusika amewahi kuyatumia. Baada ya kulipa kwa kadi, ombi hupewa nambari yake, na kwa mtu ambaye jina lake halikulingana na lolote katika hifadhi ya kumbukumbu za polisi, jibu hutoka papo hapo. Hata hivyo kuna sehemu moja ya huduma hii iliyopangwa vibaya, nami siioni sababu ya kuiacha ilivyo. Ukurasa unaofunguka kwanza huonyesha nambari ya ombi na maneno No Record, na mtu ambaye hakuonywa huuchapisha ukurasa huo na kuupeleka kazini akidhani amemaliza. Hicho si cheti. Ni lazima ubonyeze nambari ya ombi, kisha ubonyeze kiungo kilichoandikwa Certification Form, ndipo hufunguka karatasi yenye muhuri wa Polisi wa Jimbo ambayo ofisi ya ajira inaitaka. Mwombaji aliyekwisha kulipa dola 22 angestahili kupewa cheti chake moja kwa moja, bila kukitafuta nyuma ya nambari iliyopigiwa mstari.

Jina likilingana na jambo lolote, ombi huwekwa chini ya uangalizi wa watumishi na jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa. Kuchelewa huko si ushahidi kwamba mtu ana hatia, na waajiri wanapaswa kulielewa hilo kuliko wanavyolielewa sasa. Asiye na kadi ya benki anaweza kutuma kwa posta fomu iitwayo SP 4-164, akiambatanisha hundi iliyothibitishwa na benki au hawala ya fedha, kwa maana hundi ya kawaida haipokelewi. Nakala iliyopigwa muhuri na mthibitishaji hugharimu dola 27. Anayejitolea kufanya kazi na watoto bila malipo hupata cheti bure, na ningependa wanaofundisha madrasa na shule za Jumapili wajue hilo kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Kilichomo ndani ya cheti ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. PATCH hutazama hifadhi ya Pennsylvania peke yake, kwa hiyo mtu aliyehukumiwa Ohio au Texas anaweza kupewa cheti safi kabisa mjini Erie, hapa Pennsylvania. Vilevile, polisi wanapomjibu mtu binafsi au mwajiri, sheria inawataka waondoe habari za kukamatwa ikiwa imepita miaka mitatu tangu siku ya kukamatwa, mtu hakutiwa hatiani, na hakuna kesi inayoendelea. Mipaka hii miwili ndiyo inayoeleza kwa nini waajiri wengine hudai karatasi zaidi. Sheria ya kuwalinda wazee, kama ilivyorekebishwa mwaka 1996 na 1997, inamtaka kila mfanyakazi wa nyumba ya wazee awe na cheti cha Polisi wa Jimbo, na kama hajaishi Pennsylvania kwa miaka miwili mfululizo kabla ya kuomba kazi, aongeze na uchunguzi wa FBI wa alama za vidole. Kwa wanaofanya kazi na watoto, karatasi ni tatu: cheti cha PATCH, hati ya Idara ya Huduma za Binadamu inayoonyesha kwamba mtu hayumo katika orodha ya waliodhulumu watoto, na alama za vidole za FBI, zote tatu hudumu miezi 60. Anayehitaji cheti kwa ajili ya kuhamia nchi nyingine asikimbilie PATCH. Kanada, kwa mfano, huhitaji kumbukumbu za FBI kwa mtu aliyeishi Marekani, na ada ya FBI kwa kumbukumbu zako mwenyewe ni dola 18.

Udhaifu mkubwa wa PATCH, na ndio unaonihuzunisha zaidi kwa sababu unawaangukia watu wasio na sauti, ni kwamba inategemea jina na tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi ambao hawakuwa na hati za kuzaliwa walipoandikishwa walipewa tarehe 1 Januari kuwa siku yao ya kuzaliwa. Chukua jina la kawaida kama Mohamed Hassan au Jean Bahati, uliweke pamoja na tarehe 1 Januari na mwaka mmojawapo wa miaka ya 1980, na utaona jinsi watu wawili wasiojuana wanavyoweza kugongana katika hifadhi moja. Ongeza juu ya hapo kwamba jina la babu huandikwa mahali pa jina la ukoo, kwamba Muhammad anaweza kuwa Mohamed katika kadi moja na Mohammed katika nyingine, na kwamba mwanamke aliyeolewa huku huweza kuwa na pasipoti ya jina moja na leseni ya udereva ya jina jingine. Makosa huenda pande zote mbili: asiye na kesi hucheleweshwa kwa sababu ya mtu anayeshiriki jina naye, na mwenye kesi hupita kwa sababu karani alikosea herufi moja. Alama za vidole hazina tatizo hili, na kwa jamii zenye majina kama yetu ningeona ni haki kabisa kwamba mtu anayechelewa kwa sababu ya jina apewe njia ya kuthibitishwa kwa vidole bila ada ya ziada.

Kuna njia ya kujikinga ambayo watu wachache sana wanaifahamu, nayo ni kuomba kumbukumbu zako mwenyewe. Fomu yake ni SP 4-170, ada ni dola 20, na hutumwa pamoja na nakala ya kitambulisho chenye picha kwenye hifadhi kuu ya Polisi wa Jimbo iliyoko Elmerton Avenue mjini Harrisburg. Unachopokea ni kumbukumbu yote iliyo chini ya jina lako, pamoja na yale ambayo mwajiri asingeonyeshwa. Ukikuta jambo lisilo lako unaweza kulipinga kwa maandishi. Sheria inawapa wenye hifadhi siku 60 za kuchunguza pingamizi, na wao ndio wanaobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba kumbukumbu ni sahihi. Kwa mtu ambaye jina lake limekwisha kumchelewesha mara moja, naona dola 20 hizi zina thamani kuliko vyeti vingi vya dola 22.

UJS Portal ndiyo ninayoipenda zaidi, ingawa inahitaji msomaji mwenye subira. Hufungui akaunti, hulipi, huulizwi sababu. Unachagua kutafuta kwa jina la mhusika, kwa nambari ya jalada, au kwa nambari ya kukamatwa iitwayo OTN, kisha unaweza kupunguza matokeo kwa tarehe ya kuzaliwa, kaunti na kipindi cha kufunguliwa kwa kesi. Kwa kila kesi hufunguka karatasi inayoonyesha kesi iko katika hatua gani, siku za kusikilizwa, mji wa mshtakiwa na tarehe yake ya kuzaliwa, dhamana, mashtaka, uamuzi na adhabu ya kila shtaka, mawakili, kila kilichowasilishwa mahakamani, na fedha zinazodaiwa. Kwa kesi za Common Pleas, mahakama ya kaunti inayosikiliza makosa mazito, kuna pia karatasi ya muhtasari inayokusanya kesi zote za mtu mmoja mahali pamoja. Ni nadra duniani kuona mahakama ikifungua vitabu vyake namna hii, na kwa uwazi huo jimbo hili linastahili sifa.

Lakini karatasi hiyo haijisomi yenyewe. Nambari ya jalada ndiyo inayopaswa kusomwa kwanza, na ina mtego. Nambari inayoanza na CP-36-CR ni kesi ya jinai katika mahakama ya Common Pleas ya kaunti ya Lancaster, kwa sababu kaunti 67 za jimbo zimepewa nambari kwa mpangilio wa alfabeti na Lancaster ni ya 36. Philadelphia ni 51, Allegheny yenye jiji la Pittsburgh ni 02. Nambari inayoanza na MJ ni ya mahakama ya hakimu wa wilaya, na hapo tarakimu mbili za kwanza hazionyeshi kaunti bali wilaya ya kimahakama. Kwa hiyo MJ-02 ni Lancaster, ilhali CP-02 ni Allegheny, na hakimu wa wilaya wa Allegheny utampata chini ya MJ-05. Nimewaona watu wazima wakibishana juu ya kesi ya Pittsburgh ambayo haikuwahi kutokea, kwa sababu ya tarakimu hizo mbili tu.

Mtego wa pili ni kuhesabu kesi mara mbili. Mtu anapokamatwa kwa kosa zito kidogo, jalada lake hufunguliwa kwanza kwa hakimu wa wilaya, au katika Municipal Court ikiwa ni Philadelphia, na likipelekwa juu hufunguliwa jalada jipya katika Common Pleas. Asiyejua huona mistari miwili na kusema mtu ana kesi mbili. Tazama nambari ya OTN katika karatasi zote mbili: ikiwa ni ileile, mtu alikamatwa mara moja tu. Vivyo hivyo, maneno Held for Court yanayoonekana katika jalada la kwanza hayana maana ya hatia. Hakimu ameamua tu kwamba kuna ushahidi wa kutosha wa kesi kusonga mbele. Withdrawn, Dismissed na Nolle Prossed yote yana maana kwamba shtaka hilo liliondolewa au halikuendelezwa. ARD ni mpango wa marekebisho unaotolewa mara nyingi kwa wanaokosea kwa mara ya kwanza, na anayeumaliza salama huweza kufutiwa mashtaka. Hatia huonekana mahali palipoandikwa Guilty Plea au Guilty, na hata hapo ni lazima uangalie daraja la kosa katika safu iliyo kando ya shtaka: S ni kosa dogo kabisa linalofanana na faini za mitaani, M1 hadi M3 ni makosa ya kati, na F ni makosa makubwa.

Niliwahi kukaa na dada mmoja aliyeambiwa na mtu wa ajira kwamba ana kesi ya wizi, naye akawa anahesabu kwamba maisha yake ya kazi yamekwisha. Tulipofungua jalada tulikuta mstari mmoja wenye namba 18 § 3929, yaani wizi wa dukani, daraja S, na kwenye safu ya uamuzi neno Withdrawn. Chini ya sehemu ya fedha hakudaiwa kitu. Aliyemwambia ana kesi ya wizi aliona jina la shtaka katika orodha ya matokeo, akaishia hapo bila kufungua karatasi yenyewe. Sheria ya jimbo haimruhusu mwajiri kumhukumu mtu kwa shtaka la namna hiyo, na nitalirudia jambo hili baadaye kidogo.

Mahakama yenyewe inaonya kila msomaji. Chini ya kila jalada pameandikwa kwamba maingizo mapya huenda yasionekane mara moja, kwamba mahakama haibebi dhima kwa makosa yaliyomo, na kwamba karatasi hiyo isitumike badala ya uchunguzi wa historia ya jinai, ambao hutolewa na Polisi wa Jimbo peke yao. Mwajiri asiyefuata CHRIA anaweza kudaiwa mahakamani. Onyo hilo limeandikwa kwa herufi ndogo mno, nami ningetaka liwekwe juu ya karatasi, mahali ambapo jicho hutua kwanza. Majalada yote yameandikwa kwa Kiingereza cha makarani, chenye vifupisho vingi, na msomaji wa Kiswahili au Kifaransa anahitaji mtu wa kukaa naye.

Tovuti ina mapengo yake. Mfumo wa kompyuta wa mahakama za Common Pleas ulienea jimbo zima mwaka 2006, na si kila kesi ya kabla ya hapo iliyoingizwa. Malalamiko ya polisi na maelezo ya kiapo ya sababu za kukamatwa hayapatikani hapo, ingawa jalada litakuonyesha kwamba yaliwasilishwa. Kwa hayo itakubidi uende kwa Clerk of Courts, yaani karani wa mahakama, wa kaunti, au Office of Judicial Records ikiwa ni Philadelphia, ulipie nakala. Kesi za watoto kwa kawaida hazionyeshwi kwa umma. Kesi za serikali kuu ya Marekani hazimo kabisa. Hizo ziko katika mfumo uitwao PACER, unaotoza senti 10 kwa ukurasa na kikomo cha dola 3 kwa hati moja, na unaosamehe deni ikiwa halikuzidi dola 30 katika robo ya mwaka. Anayetaka kujua tu kama mtu yumo gerezani atazame orodha ya bure ya Idara ya Magereza ya jimbo, na orodha ya waliohukumiwa kwa makosa ya kingono nayo iko wazi bila malipo katika tovuti ya Polisi wa Jimbo.

Kuhusu tovuti za kibiashara zinazojitangaza kuwa zitakupa kumbukumbu za mtu yeyote, sina jema la kusema. Moja niliyoijaribu, ambayo siitaji jina, ilinionyesha mstari uliokuwa ukijaa taratibu huku maneno ya kutisha yakipita juu yake, ikaomba dola moja ya majaribio, na katika maandishi madogo ikaweka ada ya kila mwezi. Ilichonipa kilikuwa mchanganyiko wa anwani za zamani na kesi za watu wenye majina yanayofanana, na kesi zilizokuwa za kweli nilizipata zote katika tovuti ya mahakama bure. Kuna hatari zaidi ya fedha. Tovuti nyingi za aina hiyo hutamka zenyewe, katika masharti yao, kwamba taarifa zao zisitumike kuajiri wala kupangisha nyumba, kwa sababu hazifuati sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 kuhusu ripoti za watu. Kampuni halali ya uchunguzi hufungwa na sheria hiyo: mwajiri lazima apate idhini yako ya maandishi, akupe nakala ya ripoti kabla ya kukunyima kazi kwa sababu yake, na ukiipinga, kampuni ina siku 30 kwa kawaida za kuichunguza upya. Kukamatwa kusikoishia katika hatia hakupaswi kuonekana katika ripoti ya namna hiyo baada ya miaka saba, isipokuwa kwa kazi zenye mshahara wa dola 75,000 au zaidi kwa mwaka.

Sasa nirudi kwa mwajiri. CHRIA inasema kwamba katika kuajiri, hatia za makosa makubwa na ya kati zinaweza kuzingatiwa pale tu zinapohusiana na kufaa kwa mwombaji kwa kazi hiyo hasa, na mwajiri akimkataa mtu kwa sababu hiyo, yote au sehemu yake, lazima amwarifu kwa maandishi. Makosa ya daraja S hayamo, na kukamatwa peke yake hakumo. Kifungu hicho kinahusu ajira. Mwenye nyumba hafungwi nacho. Ninawasihi wasomaji waombe barua hiyo kila wanapokataliwa, kwa sababu mwajiri anayelazimika kuandika sababu huifikiria mara mbili. Wazee wa kazi hii wanakumbuka pia kwamba sheria ya kuwalinda wazee ilikuwa na marufuku ya maisha kwa waliotiwa hatiani kwa makosa fulani, na kwamba mwishoni mwa mwaka 2015, katika kesi ya Peake, Commonwealth Court, mojawapo ya mahakama za rufaa za jimbo, iliamua kwamba marufuku hiyo inakiuka katiba ya jimbo. Bado kuna anayekataa waombaji kana kwamba uamuzi huo haukutolewa.

Jambo moja linazihusu njia zote mbili, cheti na tovuti, nalo ni sheria ya Clean Slate. Pennsylvania ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kupitisha, mwaka 2018, utaratibu wa kompyuta kufunga kumbukumbu, yaani kuzificha zisionekane na umma, bila mtu kuomba, na kazi yenyewe ilianza Juni 2019. Mashtaka yasiyoishia katika hatia hufungwa, na kwa marekebisho yaliyotiwa saini Desemba 2023, makosa ya daraja S hufungwa baada ya miaka 5 na mengi ya makosa ya kati baada ya miaka 7, ikiwa mtu hakutiwa hatiani tena na amelipa fidia ya aliyemkosea. Baadhi ya makosa makubwa ya dawa za kulevya nayo yameingizwa, huku makosa ya ukatili, ya silaha na ya kingono yakibaki nje. Kesi iliyofungwa hutoweka katika UJS Portal na haitajwi katika cheti cha PATCH kinachopewa mwajiri, lakini polisi na mahakama bado huiona. Kwa hiyo anayetafuta jina lake akakuta hakuna kitu asidhani kwamba kitu hakipo. Akitaka kujua hakika, atume SP 4-170. Shirika la msaada wa sheria la Community Legal Services la Philadelphia limeusukuma mpango huu tangu mwanzo na linawasaidia watu kujua kama kesi zao zimefungwa.

Mtu ambaye kumbukumbu zake zimefungwa au kufutwa anaruhusiwa na sheria ya jimbo kumjibu mwajiri kana kwamba tukio halikutokea, isipokuwa pale ambapo sheria ya shirikisho inataka vingine. Kwa wahamiaji, uhamiaji ni mahali pa namna hiyo. Fomu N-400 ya kuomba uraia huuliza kuhusu kukamatwa na mashtaka hata kama kumbukumbu zimefungwa au kufutwa, na afisa huomba nakala ya uamuzi wa mahakama iliyothibitishwa. Kumbukumbu zikishafutwa kabisa, karani huenda asiwe na cha kukupa. Kwa sababu hiyo, mwenye kadi ya kijani anayepanga kuomba kesi yake ifutwe aende kwanza kwa Clerk of Courts, aombe nakala zenye muhuri za karatasi ya uamuzi kwa kila shtaka, zaidi ya moja, azihifadhi pamoja na pasipoti yake, na aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kuwasilisha ombi lolote la kufuta.